Chujio la Jumamosi

Mama Oveni alirudi kutoka bekari saa nane mchana, kama kawaida yake, na kama kawaida yake hakusema neno mpaka alipofika jikoni. Jina hilo alipewa na wenzake kazini, kwa kuwa kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amesimama mbele ya tanuri lile lile tangu saa kumi alfajiri, akiingiza trei za mikate na kuzitoa. Zamani alipenda kusema kwamba uso wake umeiva upande mmoja tu, na kwamba siku moja ataomba ageuzwe. Siku hizi hakusema hata hilo. Mtu akichoka kweli, utani ndio wa kwanza kumtoka.

Mumewe alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha la jikoni. Watu walimwita Spana. Alikuwa fundi wa malori, mwenye mikono mipana ambayo haikukosa grisi hata siku ya harusi yao. Sasa mikono hiyo ilikuwa safi kama ya karani, imelala juu ya mapaja haina kazi. Miezi minane kabla alikuwa amepandikizwa figo. Mafigo yake mwenyewe yalikuwa yamekufa yote mawili, na hilo jipya alipewa na dada yake. Ili mwili usilikatae, alimeza asubuhi na jioni dawa za kushusha kinga, na daktari alimwambia mkewe bila kumung'unya maneno kwamba mwili wa huyu bwana sasa hauna mlinzi mlangoni. Kidudu ambacho kwa mtu mwingine ni mafua ya siku mbili, kwake ni kitanda cha hospitali. Chakula kiive, maji yachemke, vyombo vioshwe kwa maji ya moto sana. Asishike udongo, asishike takataka, asishike kitu chenye utelezi wala ukungu.

"Vipi leo?" aliuliza Mama Oveni.

"Nipo."

"Joto?"

"Thelathini na sita nukta tano. Nimeandika."

Aliivuta ile karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa jokofu akaisoma mwenyewe. Hakuwa na shaka na mumewe, ila siku hizi alikuwa hasadiki kitu mpaka akione. Kisha akavua kitambaa cha kichwa na kuigeukia mashine.

Mashine ya kuoshea vyombo ililetwa na mafundi wenzake Spana wiki aliyotoka hospitali. Walichangishana wakainunua kwa watu waliokuwa wanahama, wakaishusha kwenye pikapu huku wanagombana, kila mmoja akijua kuliko mwenzake. Wakaunga bomba la kuingiza maji na bomba la kutolea, wakaipa soketi yake yenyewe, na Spana akaamrisha yote hayo kutoka kitini kama jemadari. Mkono wa mtu hauvumilii maji ya nyuzi sabini, walisema. Mashine inavumilia. Mama Oveni alitaka kulia siku ile, kwa shukrani na kwa sababu nyingine rahisi zaidi, kwamba alikuwa anatoka kuosha trei mia na hamsini kazini na kuja kuosha sahani nyumbani.

Ilikuja na kitabu chake, chenye lugha sita ambazo hakuna aliyezisoma vizuri, lakini kilikuwa na picha. Mama Oveni alizisoma picha zile mpaka akazijua kwa moyo. Mabaki alikwangulia kwenye ndoo ya taka, ila hakusuuza sahani kabla, kwa kuwa kidonge cha sabuni kinataka kipate kitu cha kung'ata. Sahani kubwa alizipanga kikapu cha chini, vikombe kikapu cha juu vikiwa vimeinamishwa, visu ncha chini ili asije kujichoma mtu. Kabla ya kufunga, aliizungusha kwa kidole ile mikono miwili inayorusha maji, kuhakikisha hakuna mpini wa mwiko unaoizuia. Akamaliza kwa kuchagua moto wa juu. Vyombo vikishaoshwa hakuvikimbilia. Aliacha mvuke utulie, akatoa kikapu cha chini kwanza, ili matone ya juu yasidondokee vilivyokwisha kukauka. Mlango aliuacha wazi kidogo mpaka kesho yake, mashine ipumue isiote ukungu. Na mara moja kwa mwezi aliizungusha tupu, na kikombe cha siki ndani.

Halafu kulikuwa na chujio. Hilo lilikaa chini kabisa, mithili ya kikombe cha wavu. Unalizungusha kushoto, unalichomoa, na kila kilichotoka kwenye sahani kinakungoja humo. Kitabu kilisema lisafishwe kila wiki, naye akalipangia Jumamosi. Wiki za mwanzo lilimtia kichefuchefu: mchele uliovimba, utando wa mafuta, maganda ya nyanya, na utelezi wa kijivu usio na jina. Alilisugua kwa mswaki wa zamani, glavu mkononi, huku ameangalia pembeni.

Wiki ya tano au ya sita alilichomoa, likatoka safi. Akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Halikuwa na hata punje.

"Njoo uone maajabu," alimwambia mumewe. "Kumbe imeshazoea. Chujio linang'aa kama jipya."

"Inajitahidi," alisema Spana.

"Inajitahidi? Ingekuwa mtu ningemkumbatia. Nyumba nzima hii ndiyo peke yake inayonihurumia."

Spana aliangalia nje. Mama Oveni hakulitilia hilo maanani. Mumewe alikuwa anaangalia nje siku nzima. Jumamosi iliyofuata chujio lilikuwa safi tena, na iliyofuata vilevile. Baadaye akawa analitupia jicho tu bila kulichomoa, na baadaye tena hata jicho hakulitupia. Saa ile ya chujio akaigeuza kuwa saa ya kulala. Alikuwa akijitupa kitandani Jumamosi mchana bila hata kuvua soksi, na ule usingizi ulikuwa mtamu kuliko kitu chochote alichopata wiki nzima. Asilaumiwe na mtu ambaye hajawahi kuamka saa tisa usiku kwa miaka kumi na mmoja.

Homa ya kwanza ilikuja mwezi wa tisa tangu apandikizwe figo. Siku nne za hospitali, dripu, vipimo, na hakuna aliyejua ilikotokea. Walipomrudisha nyumbani, dada yake alikuja kumwona.

Dada huyu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata mdogo wake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kutosha uwanja mzima, na tangu atoe figo alikuwa na haki katika nyumba ile ambayo hakuna aliyethubutu kuipima. Aliingia akaweka mkoba mezani.

"Mpangaji wangu hajambo?" alimuuliza Spana, akimgusa ubavuni.

"Hajambo. Hana kelele."

"Mwambie asije akaleta za kuleta. Mimi ndiye mwenye nyumba."

Walicheka. Kisha Mwalimu akanyanyua glasi kabatini, akaipitisha kidole ndani, akakitazama kidole. Akaenda kwenye mashine, akaufungua mlango, akachungulia kama anayekagua choo cha wanafunzi.

"Wifi, nikuulize kitu. Huu uchafu unaotoka kwenye sahani unakwenda wapi? Maana haupai mbinguni."

"Unabaki kwenye chujio, wifi. Lipo huko chini."

"Na nani analisafisha?"

"Mimi. Kila Jumamosi."

"Mwenyewe?"

"Kwani nina mtu mwingine?"

Alisema hivyo bila kufikiri, na aliposema aliamini ni kweli, au karibu na kweli. Mwalimu aliufunga mlango wa mashine. Akamgeukia mdogo wake, akiwa bado na kicheko mdomoni.

"Na wewe umekaa hapo dirishani kama chungu cha maua. Mwenzio anakwisha, unamwona."

"Namwona," alisema Spana.

Wakati wa kuondoka, Mwalimu alimvuta wifi yake mlangoni akateremsha sauti. "Sisemi kwa ubaya. Lakini homa ikirudi, namchukua kwangu. Nikae naye mimi." Mama Oveni aliitikia kwa kichwa. Alifunga mlango akaegemea ukuta kitambo, akafikiria kwamba hata nguvu za kukasirika hana.

Homa ilirudi. Ilikuwa Ijumaa, wiki tatu baadaye. Aliporudi kazini alimkuta Spana kitini, amejifunika blanketi wakati wa joto kali, meno yanagongana. Kipimajoto kilisema thelathini na nane nukta tisa. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimefungwa plasta, na alipoibandua akakuta kidole kimevimba kinang'aa, na wekundu umepanda hadi kwenye kiganja.

"Hiki nini?"

"Wembe. Juzi, nilipokuwa nanyoa."

"Na hukusema?"

"Kilikuwa kidogo."

Aliita teksi. Njiani alimshika mkono ule mwingine, na mkono ulikuwa wa moto kama mkate uliotoka sasa hivi.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, na Mama Oveni alimpenda kwa sababu hiyo. Alikipasua kidole, akachukua damu, akaanzisha dawa kwenye dripu. Baadaye alimwita Mama Oveni ukumbini.

"Figo limeanza kulalamika," alisema. "Namba za vipimo vyake vya damu zimepanda. Sitakuficha, mama, hizi siku chache zinazokuja ndizo zitakazosema kama tutaliokoa au tutalipoteza. Kuna kitu chochote alichoshika? Udongo? Uchafu wowote?"

"Hashiki kitu," alisema Mama Oveni. "Nafanya kila kitu mimi."

Mwalimu alifika jioni ile ile. Hakukaa. Alisimama katikati ya ukumbi, kati ya wagonjwa na jamaa zao waliopanga foleni, na ile sauti ya uwanjani ikamtoka bila yeye kutaka.

"Mimi nilitoa kiungo cha mwili wangu, wifi. Nilikatwa. Wewe nilikuomba usafi tu. Usafi tu!"

Watu waligeuka. Mama Oveni alikuwa anafikiria jambo moja tu tangu daktari amuulize lile swali. Zile Jumamosi. Aliziona moja moja, zote, na yeye mwenyewe kalala fofofo na soksi zake wakati chujio halijaguswa. Wembe ulikata kidole, sawa, lakini homa ya kwanza haikuwa na wembe. Alikuwa amewaambia wote kwamba analisafisha. Alikuwa amemlisha mumewe kwenye sahani zilizooshwa kwa maji ya uozo wa miezi, na amefanya hivyo kwa ajili ya usingizi. Hivyo ndivyo alivyoamini, na aliamini peke yake, bila kumwambia mtu.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Alfajiri bekari, mchana hospitali, jioni nyumbani. Mwalimu alihamia kwao ili awe karibu na wodi, akalala chumba cha wageni, na wanawake wale wawili walipakua, wakala, wakapanga vyombo kwenye mashine bila kuzungumza zaidi ya chumvi iko wapi. Kila asubuhi daktari alitoa namba. Jumanne zilipanda. Jumatano zilisimama. Alhamisi hazikuteremka. Mama Oveni alichoma trei mbili za mikate kazini, kitu ambacho hakikuwahi kutokea.

Jumamosi aliamka akiwa ameamua. Yaliyopita hakuweza kuyarudisha, lakini chujio angalau atalisafisha. Alichomoa waya wa mashine kwenye soketi, akavaa glavu, akatoa kikapu cha chini, akapiga magoti. Akazungusha kushoto.

Harufu ilimpiga usoni. Wavu wote ulikuwa umezibwa: mchele, nyuzi za nyama, ganda la kitunguu, na juu ya vyote ule utelezi wa kijivu. Alitegemea kuona miezi. Lakini alipoutazama vizuri, aliutambua. Mchele ule ni wa Jumapili, ambao Mwalimu aliupika ukashika chini. Kitunguu ni cha jana. Huu haukuwa uozo wa miezi hata kidogo. Ulikuwa wa wiki moja.

Alikaa juu ya visigino vyake akahesabu pole pole, kama mtu anayeamka. Ikiwa wiki moja inajaza chujio hivi, basi zile wiki zote lilipokuwa linang'aa, lilikuwa linasafishwa. Na mashine haijisafishi.

"Wifi!" aliita.

Mwalimu alikuja na taulo kichwani.

"Wewe umewahi kuligusa hili?"

"Mimi? Sijui hata linafunguliwaje. Mungu wangu, linanuka."

Mama Oveni aliufungua mlango wa kabati chini ya sinki. Akasogeza chupa ya siki, mfuko wa chumvi ya mashine, pakiti ya vidonge. Nyuma kabisa, kwenye kona ambayo mtu lazima alale ubavu kuifikia, kulikuwa na kopo. Lilikuwa kopo la grisi la zamani, limeoshwa. Ndani yake mlikuwa na mswaki uliokwisha, bisibisi ndogo yenye ncha iliyopindwa, na kitambaa kilichokunjwa mara nne, kingo kwa kingo, kama wanavyokunja mafundi. Alikikunjua. Katikati palikuwa na kipande cha glasi, chembamba kama kucha, kimeganda damu.

Mwezi uliopita glasi ilikuwa imevunjika ndani ya mashine. Aliokota vipande vyote, au alidhani ameviokota vyote.

"Hilo kopo lake," alisema Mwalimu. Sauti yake ilikuwa imepungua mpaka ikawa ya mtu wa kawaida. "Alikuwa nalo gereji."

Wanawake wale walisimama hapo, mmoja na glavu zake na mwingine na taulo lake. Mwalimu alikaa kwenye kile kiti cha dirishani bila kuangalia anakaa wapi.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyemwita chungu cha maua."

Mama Oveni angeweza kumwacha aubebe. Wiki iliyopita angemwacha, tena kwa furaha. Lakini alikuwa amebeba kosa la uongo kwa siku nane na alijua uzito wake.

"Hapana, wifi. Alianza kabla ya hapo. Lilikuwa linang'aa miezi mingi kabla hujasema neno."

Kisha akakaa sakafuni, akalia. Alilia kwa hasira, na kwa nafuu ambayo aliionea aibu, na kwa kuchoka. Mwalimu hakujua afanye nini na mikono yake. Mwishowe alivaa glavu nyingine, akalichukua chujio, akaanza kulisugua mwenyewe kwenye sinki, akipumua kwa mdomo. Kopo na vilivyomo walivifunga kwenye mfuko wakavitupa nje.

Walipofika wodini mchana ule, daktari aliwakuta mlangoni. Namba zilikuwa zimeteremka. Si sana, alisema, lakini zimeteremka jana na leo tena, na homa imekatika. Figo linarudi. Likiendelea hivi, Jumatatu au Jumanne ataenda nyumbani. Mwalimu alimshika daktari mkono akautikisa mpaka kijana wa watu akaona haya.

Mama Oveni alinawa mikono kwenye beseni la mlangoni, mara mbili, akaenda akakaa kwenye kiti kando ya kitanda. Spana alikuwa amekonda. Alitabasamu.

"Nimelikuta kopo," alisema mkewe.

Tabasamu liliondoka. Hakujitetea. Aliangalia kidole chake kilichofungwa bandeji.

"Nilivaa glavu mwanzoni," alisema. "Lakini zinateleza. Fundi hawezi kazi kwa kuvaa soksi mikononi."

"Usinitanie."

"Sikutanii."

"Ulijua umekatazwa?"

"Nilijua."

"Homa ya kwanza ilipokuja, ulijua?"

"Nilihisi. Nikaacha wiki mbili. Halafu nikaona hujaligusa, wala huna hata nguvu ya kuligusa, nikarudia."

"Kwa nini, we mwanamume? Kwa nini?"

Spana alijiinua kidogo kwenye mto. Mwalimu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameukumbatia mkoba wake.

"Kuna Jumamosi moja," alisema Spana, "nilisikia kimya jikoni. Nikaja. Nikakukuta umepiga magoti mbele ya ile mashine, kichwa juu ya mlango, umelala. Na chujio liko mkononi. Nikasema, hii moja naiweza. Kila kitu kingine nimenyang'anywa, lakini hii ni chuma na plastiki na uchafu, hii ni kazi yangu. Ukienda bekari nalitoa, nalisugua, nalirudisha. Nusu saa. Hiyo nusu saa nilikuwa mtu."

"Na ukaniacha nakaa naisifu mashine."

"Nilikuwa nafurahi. Kila ulipoisifu."

Mama Oveni aliinamisha kichwa. Alimpenda, na wakati huohuo alitamani kumpiga, na hakuona ajabu yoyote katika hilo.

"Nisikilize," alisema. "Siku nane hizi nimetembea nikijua nimekuua kwa usingizi wangu. Nimesimama mbele ya tanuri nikijua hivyo. Mimi sitaki chujio linalong'aa. Lingejaa mpaka pomoni, nisingejali. Nilikuwa nakutaka wewe, uwe hapo kitini, mzima, basi. Hukunisaidia, bwana. Uliniongezea."

"Najua," alisema Spana, na macho yakamjaa maji. "Sasa najua."

Mwalimu alikohoa. Aliipandisha ile sauti yake ya uwanjani makusudi, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakainua vichwa.

"Nilimtukana mke wa ndugu yangu hadharani katika hospitali hii, watu wakisikia. Namwomba radhi hadharani, watu wasikie. Wifi, nisamehe."

"Yamekwisha, wifi. Punguza sauti."

"Na kila Jumamosi nakuja mimi kulisafisha hilo dude. Nimelifanya leo, sikufa. Figo moja linanitosha kwa kazi hiyo." Akachukua mkoba wake na kwenda kutafuta chai. Walimsikia akivuta kamasi na kupenga ukumbini, na wote wawili walijua hakuwa na mafua.

Spana alimgeukia mkewe. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi nipe kazi."

"Kazi gani?"

"Yoyote. Nitarudi nyumbani, nitakaa pale, nitamtazama dada yangu anasafisha na wewe unapanga. Nitaharibika mimi. Nipe kitu."

Mama Oveni alifikiria. Alipitisha kichwani kazi zote za nyumba, moja baada ya moja, na kila moja ilikuwa na udongo wake, au taka zake, au majimaji yake. Akachoka hata kufikiria. Na pale alipochoka ndipo alipoliona, likiwa dogo kiasi kwamba aliona haya kulisema.

"Kila siku nikirudi tunaulizana joto," alisema. "Wewe hujawahi kuniuliza nimechoka wapi. Hakuna anayeniuliza. Na mimi nikisema nimechoka, watu wanasema pole, imekwisha. Basi hiyo ndiyo kazi. Niulize. Halafu unyamaze, usinipe pole, usinitafutie dawa, usiende kunifanyia kitu kwa siri. Unisikilize mpaka nimalize."

Spana alimtazama kuona kama anatania. Kisha akajisogeza kwenye mto, akaweka ule mkono mzima juu ya shuka karibu na wa mkewe, kama fundi anayeanza kazi asiyowahi kuifanya.

"Haya," alisema. "Umechoka wapi?"

Mama Oveni aliegemeza kichwa chake kwenye ukingo wa godoro. Akaanzia kwenye nyayo. Alimweleza kuhusu sakafu ya bekari, ilivyo ya saruji na haina huruma, na jinsi kisigino cha kushoto kinavyoanza kuuma saa kumi na mbili asubuhi, kabla hata mikate ya kwanza haijapoa. Alimweleza kidole kidogo cha mguu kinavyokufa ganzi. Akafika kwenye kifundo, akasema kifundo kina habari zake peke yake. Alikuwa hajafika magotini usingizi ulipomchukua.

Spana alinyamaza kama alivyoambiwa, akamsubiri amalize.